Nimekutwa na homa ya ini aina ya B, nikarudishwa nyumbani bila dawa

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, mfanyabiashara wa karanga na mahindi hapa Dodoma mjini, ingawa nyumbani kwetu ni Chemba. Nina mke, na sasa ana ujauzito wa miezi mitano, ambao ni wa kwanza. Mwezi Machi mwaka huu vijana kadhaa wa sokoni tulikwenda kuchangia damu kwa ajili ya mwenzetu aliyepata ajali ya bodaboda. Baada ya wiki kadhaa nilipigiwa simu nifuate majibu, na nilipofika niliambiwa kwa sauti ya chini kwamba damu yangu haikutumika kwa sababu nimekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Nilielekezwa kwa daktari, akanipima tena na kunipiga picha ya ultrasaundi. Alisema ini langu halionekani kuharibika, kwamba kwa sasa sihitaji dawa, na kwamba nirudi mwezi Septemba. Nilitoka na karatasi moja mkononi bila hata kidonge. Nilikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa kwa zaidi ya saa nzima, nikiwatazama wenzangu wakipokea bahasha zao za vidonge mmoja baada ya mwingine, nikajiambia kwamba mgonjwa anayerudishwa mikono mitupu ni mgonjwa aliyekatiwa tamaa.

Mama yangu nilimwambia kwa simu, na siku iliyofuata alipanda basi akaja. Kaka yangu mkubwa, tuliyechangia baba na mama, alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 38, tumbo likiwa limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano, na kijijini walisema amerogwa. Kwa hiyo mama ameogopa mno. Ameninunulia kikombe cha bati chenye ukingo mwekundu, sahani na kijiko, akavikwaruza alama kwa msumari, na ameagiza mtu mwingine yeyote asivitumie. Anataka twende kwa mzee mmoja anayetoa dawa ya mizizi. Pale sokoni nako kuna mtu anauza unga wa kusafisha ini, dozi ya miezi mitatu kwa shilingi 250,000, na fedha hiyo nimekwisha kuitenga kutoka kwenye mtaji, hasa kwa kuwa biashara ya karanga si mbaya msimu huu, na zile zilizosinyaa au kubadilika rangi siziuzi bali tunazisaga nyumbani kwa kuungia mlenda, hivyo matumizi ya mboga yamepungua.

Mke wangu hajui lolote. Ameambiwa nina tatizo la tumbo. Tangu Aprili ninalala sebuleni kwa kisingizio cha joto, lakini sasa ni Julai, usiku wa Dodoma ni wa baridi kali, naye si mtoto mdogo. Ninaogopa ataniuliza nimeutoa wapi ugonjwa huu, nami sina jibu, kwa sababu tangu nimuoe sijatoka nje ya ndoa. Je, ni kweli kwamba ugonjwa huu hauna dawa? Mtoto wangu atazaliwa nao? Naomba unishauri.

Ni mimi, Baba Mtarajiwa, Dodoma.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa miezi hii minne ambayo umeubeba mzigo huu karibu peke yako.

Nianze na lile benchi la mbele ya dirisha la dawa, kwa maana naamini kwamba mambo mengine yote uliyoyaeleza yametokana na saa ile moja uliyokaa pale. Kutopewa dawa siku ile hakukuwa na maana ya kwamba umekatiwa tamaa. Homa ya ini aina ya B ni ugonjwa ambao matibabu yake, kwa watu wengi, huanza kwa kufuatiliwa: ini hupimwa, damu hupimwa, na mgonjwa hurudi kwa tarehe aliyopangiwa, na huko kufuatiliwa ndiyo sehemu ya kwanza ya tiba yenyewe. Nasikitika kwamba hukuelezwa hivyo kwa utulivu kabla hujatoka, kwa sababu maneno matano ya ziada pale mlangoni yangekuondolea usingizi wa sebuleni na bei ya unga wa sokoni.

Daktari alikuwa na sababu mbili za kukupangia Septemba. Ya kwanza ni kwamba kipimo kilichokukuta na virusi, ambacho kwenye karatasi yako bila shaka kimeandikwa HBsAg, huonyesha tu kwamba virusi vimo mwilini, wala hakisemi vimekuwamo kwa muda gani. Mtu mzima anayeambukizwa leo ana nafasi kubwa ya kuvishinda mwenyewe, kwani ni chini ya watu 5 katika kila 100 ambao hubaki navyo. Hivyo kipimo hurudiwa baada ya miezi sita, na kikionyesha virusi bado vipo ndipo ugonjwa huitwa sugu. Sababu ya pili ni kwamba hata ukiwa sugu si kila mwenye virusi anaharibiwa ini wakati wote. Virusi hivi vinaweza kukaa miaka mingi vimetulia, kisha vikaamka, na jambo la hatari ni kwamba vinapoamka mara nyingi mwenye navyo hahisi chochote. Ndiyo maana mtu asiyeumwa popote huitwa arudi kupimwa.

Dawa zipo. Inayotumika zaidi ni tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, ambayo huzuia virusi kuzaliana na hivyo kulipa ini nafasi ya kupumzika, makovu yakakoma kuongezeka na hatari ya saratani ikapungua. Kinachowafanya watu waseme kwamba ugonjwa huu hauna dawa ni kwamba virusi huacha nakala yao ndani kabisa ya kiini cha chembe za ini, mahali ambapo dawa za sasa hazifiki, kwa hiyo mara nyingi anayeanza dawa huendelea nazo kwa miaka mingi, kama afanyavyo mwenye shinikizo la damu. Baina ya ugonjwa usio na dawa na ugonjwa unaodhibitiwa kwa dawa kuna tofauti kubwa, mwanangu, na tofauti hiyo imewapotezea watu wengi maisha kwa sababu waliacha kurudi hospitali.

Huenda pia umesoma kwenye simu kwamba homa ya ini inapona kabisa. Hilo ni kweli kwa aina ya C, ambayo kwa vidonge vya kila siku vya wiki 12 hivi huwaponya zaidi ya watu 95 katika 100. Aina ya A na ya E huletwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na kwa kawaida huisha zenyewe, ingawa aina ya E ni hatari kwa mjamzito. Aina ya D humpata tu mtu mwenye aina ya B, au anayezipata zote mbili kwa pamoja. Na homa ya manjano, ambayo wengi huichanganya na hizi kwa sababu ya jina, ni ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na mbu. Kila mtu anapokupa ushauri, muulize kwanza anazungumzia ipi.

Sasa nije kwa swali unaloliogopa, la wapi umeutoa. Wewe una miaka 31. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini aina ya B mwaka 2002, wakati wewe umekwisha kupita umri huo. Katika nchi zetu za Afrika watu wengi wenye ugonjwa huu sugu waliupata wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya utoto, na ndiyo sababu umebaki nao, kwa maana mtoto mchanga anapoambukizwa, takriban watoto 9 katika 10 hubaki na virusi maisha yao yote. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako, lakini ndilo jambo linaloelekea zaidi, na mke wako anayo haki ya kulisikia kutoka kwa daktari mkiwa mmekaa wawili. Si uzinzi, wala si aibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na ugonjwa huu ukiwa sugu.

Mwambie leo. Nasema leo kwa sababu ya miezi mitano ya ujauzito, na hapa sitakubembeleza. Kliniki ya wajawazito huwapima akina mama virusi vya UKIMWI na kaswende, lakini usidhani kwamba kipimo cha homa ya ini nacho kimefanyika hadi utakapoona kimeandikwa kwenye kadi yake. Nendeni pamoja mkakiombe. Kikionyesha kwamba hana virusi wala hana kinga, apewe chanjo, ambayo ni salama kwa mjamzito na hutolewa dozi tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, na mpaka amalize na kupimwa kwamba kinga imejengeka, tumieni kondomu. Rudi chumbani kwako, mwanangu. Kulala naye kitanda kimoja hakumwambukizi.

Kikionyesha kwamba naye anavyo, bado mna muda mzuri, na ndiyo maana sitaki uupoteze. Atapimwa wingi wa virusi katika damu, na vikiwa vingi, yaani kuanzia yuniti 200,000 kwa mililita, hupewa tenofoviri katika ujauzito ili mtoto asivipate wakati wa kuzaliwa. Dawa hiyo huanzwa kuanzia kipindi cha pili cha mimba, ambacho ndicho alichomo sasa. Mtoto naye anapaswa kupata chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na inapopatikana huongezewa sindano ya kingamwili zilizotayarishwa, kisha huendelea na chanjo zake za kawaida za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ndani yake mna hii ya homa ya ini. Jadilianeni na mkunga mapema kuhusu hiyo ya saa 24 na muulize inapatikana wapi kwa hapa Dodoma, ili isije ikatafutwa usiku wa kujifungua. Hata mama akikutwa hana virusi, ombeni chanjo hiyo, kwa sababu baba unavyo na mtoto atakuwa mikononi mwako kila siku. Kunyonyesha hakukatazwi.

Kuhusu mama yako, nakuomba usigombane naye kwa ajili ya kikombe. Amemzika mtoto mmoja, na kile kikombe chenye ukingo mwekundu ndiyo njia pekee aliyoiona ya kukulinda wewe na wengine. Lakini alichokitenga sicho. Homa ya ini aina ya B haiambukizwi kwa kula sahani moja, kunywea kikombe kimoja, kushikana mikono, kukumbatiana wala kupiga chafya. Huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, na damu kidogo mno isiyoonekana kwa macho inatosha, tena ikiwa imekauka virusi vyake huweza kuishi kwa siku saba au zaidi. Kwa hiyo kinachotakiwa kutengwa ni wembe. Nimeingia katika nyumba nyingi ambamo wembe mmoja umechomekwa ukutani karibu na mlango, na huo huo hutumika kukatia kucha za baba, kumnyolea mtoto nywele, kukatia uzi na kuchanjia chale anapokuja mganga, na katika nyumba hizo hizo vikombe vimetengwa kwa uangalifu mkubwa. Mkabidhi mama kazi hiyo: kila mtu awe na wembe wake, mswaki wake na mkasi wake wa kucha, na kidonda chako kifungwe. Damu ikimwagika, ifutwe kwa maji yenye dawa ya klorini. Ukienda kwa kinyozi, nenda na mashine yako. Kisha mwombe mama mwenyewe na wadogo zako wakapimwe, na umwambie waziwazi kwamba hakuna anayemlaumu, kwa sababu akikutwa navyo yeye ndiye atakayehitaji kuangaliwa zaidi.

Mizizi ya mzee na unga wa sokoni viache. Sisemi kwamba kila mmea ni sumu. Nasema kwamba karibu kila kinachoingia tumboni hupita kwenye ini kabla ya kufika kwingine, na ini lenye virusi halifai kubebeshwa kitu ambacho hakuna ajuaye kimechanganywa na nini wala kwa kipimo gani. Ini halisafishwi kwa unga. Zile shilingi 250,000 zitumie kwa vipimo na chanjo ya mke wako. Usinunue chanjo kwa ajili yako mwenyewe, kwa maana haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, ingawa wapo watakaokuuzia. Usiazime tenofoviri kwa mtu yeyote vilevile, hata akiwa rafiki. Dawa hiyo hutumika pia katika matibabu ya virusi vya UKIMWI, na mtu hupimwa virusi hivyo kwanza kabla ya kuanzishiwa, na akishaianza haachi ghafla kwa kuwa ini linaweza kuchafuka vibaya. Pombe iache yote, ya mtama na ya chupa.

Katika barua yako kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, nami ndiyo yaliyonifanya niisome mara ya pili. La kwanza ni kaka yako. Siwezi kujua kilichomuua, lakini tumbo kujaa maji na macho kuwa ya manjano katika umri wa miaka 38 ni dalili za ini lililokwisha kusinyaa au lililopatwa na saratani, na kama daktari hukumwambia habari hiyo basi hajaijua historia yako yote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umelegeza masharti ya kuanza dawa: kuwa na makovu ya wastani kwenye ini kunatosha, vivyo hivyo wingi wa virusi unaozidi yuniti 2,000 kwa mililita ukiambatana na kupanda kwa ALT, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba ini linaumia, na miongoni mwa mambo mengine yanayohesabiwa ni kuwa na ndugu wa damu aliyepatwa na saratani ya ini au kusinyaa kwa ini. Kwa hiyo usingoje Septemba kumweleza. Rudi wiki hii, mwambie habari za kaka yako, na umuulize kama ulipimwa wingi wa virusi na kama amekadiria makovu ya ini, jambo linalowezekana hata kwa hesabu itokanayo na vipimo vya kawaida vya damu.

La pili ni zile karanga zilizosinyaa. Mwanangu, hizo ndizo zenye sumukuvu nyingi kuliko zote. Ni sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokauka vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu, na kuzikaanga, kuzichemsha au kuzisaga hakuiondoi. Wewe ni mtu wa Chemba, kwa hiyo huenda unakumbuka mwaka 2016, watu walipougua wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba ikiwemo, na wengi wakadhani ni ugonjwa wa ajabu. Ilibainika kuwa ni sumukuvu katika mahindi, na katika wagonjwa 68 walifariki 20. Ukiacha vifo vya ghafla kama vile, sumu hii ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini, na inapokutana na virusi vya aina ya B kwa mtu mmoja hatari zake hazijumlishwi bali huzidishwa. Wewe unavyo virusi, na kila jioni unaungia mlenda kwa zile ulizozikataa mezani pa biashara. Zitupe. Wala usiwape kuku. Kula zile nzuri unazowauzia wateja wako, na kama mtaji haukuruhusu, unga mboga kwa kitu kingine. Hili ni jambo ambalo hakuna mtu hospitali angekuuliza, na huenda likawa na uzito sawa na kidonge chochote.

Ukiona macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, tumbo linajaa, unatapika damu, choo kimekuwa cheusi, au wenzako wanasema unaongea bila mpangilio, usingoje tarehe yoyote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe ya rufaa ya mkoa au ile ya Benjamin Mkapa, ipi iliyo karibu.

Tarehe zako basi ziwe hivi. Mke wako apimwe wiki hii, na kama anahitaji chanjo aanze Julai hii, ya pili iwe Agosti na ya tatu Januari, mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Wewe urudi kwa daktari wiki hii kwa habari ya kaka yako, kisha Septemba kwa kile kipimo cha miezi sita, hata kama hujisikii kuumwa popote. Siku hiyo nenda na mke wako, ukiwa na ile karatasi ya kwanza uliyotoka nayo.